Mwaka Tulipomwita Koech

Mjukuu wangu mchanga aliwakataa mababu zake wote mbele ya macho yetu. Tulikuwa tumejaa jikoni kwa mke wa mwanangu, hapa Kiptere, wanawake watupu, moshi unatutoa machozi, na mtoto amepakatwa na wifi yangu Rebeka karibu na moto. Kwetu mtoto hapewi jina la ndani hivi hivi, kama kuku anavyorushiwa mahindi. Wanawake huyaita majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, na mtoto akipiga chafya wanajua yule aliyeitwa amekubali, amerudi nyumbani. Tunaiita kurenet. Ugoro kidogo huwekwa karibu na pua ya mtoto, maana hata marehemu anahitaji kufunguliwa mlango. Basi siku hiyo walimwita baba ya mume wangu, kimya. Wakaita ndugu zake, kimya. Mtoto anatutazama tu, macho makavu, kama karani wa senta ya chai akitazama majani ya mtu mvivu. Mimi ni nyanya yake, na wajukuu wangu ni wazuri kuliko wa mtu yeyote kutoka hapa mpaka Bomet, hilo nasema wazi, lakini huyu alianza kunitia aibu. Ndipo nikasema, "Mwiteni Koech."

"Koech gani?" Rebeka akauliza.

"Ndugu yangu."

Tulimzika Koech mvua zilizopita, na hawa hawa wanawake ndio walionipikia matanga, kwa hivyo walijua vizuri sana ninayemtaja. "Yule mzungu?" Rebeka akasema, polepole, kama mtu anayekanyaga matope. "Mama Kibet, huyo si wa upande wetu. Huyu mtoto ni wa ukoo wa hapa. Na tena Koech mwenyewe..." Hakumaliza. Nikamwambia, wifi, maliza, au nikumalizie mimi. Akakataa kumaliza. Basi nikawaambia waongeze kuni na wamfunike mtoto, kwa sababu kabla hawajamkataa ndugu yangu ilikuwa lazima wajue wanamkataa nani. Niliyowaambia ndiyo haya.

Mwaka ninaousema ni katikati ya miaka ya tisini, ule mwaka mvua ya mawe ilipiga chai yetu mpaka vichaka vikabaki vijiti vitupu. Nilikuwa msichana, sijaolewa, shule niliiacha darasa la tano, na vidole vyangu vilikuwa na ile rangi ya utomvu wa chai ambayo sabuni haiitoi. Koech alinitangulia kidogo kuzaliwa. Mama alimzaa akiwa anafanya kazi kwa meneja mmoja mzungu kwenye estate, kabla hajaolewa na Baba, na huyo mzungu alirudi kwao kabla mtoto hajajua kukaa. Hayo yanatosha. Mengine yalikuwa ya Mama, na alikwenda nayo. Ninachotaka mwone ni jiko letu, kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yaliishia pale. Ukuta mweusi unaong'aa kwa masizi. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vimening'inia upande wa kulia, vimesuguliwa kwa mkaa wa mti mpaka ukinusa tu unashiba. Kogo, mama yake Baba, kwenye pembe yake, na ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa kiziwi, lakini kwa mambo aliyoyachagua mwenyewe. Na kigoda cha Baba, ambacho hakuna aliyekalia, hata kuku alijua.

Koech aliingia mlango huo siku ya tatu baada ya ile mvua ya mawe, sanduku la shule kichwani, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa amefukuzwa. Kijana mwenzake wa bwenini alimuuliza mbele ya wengine kama mama yake alilipwa, naye akamvunja jino. Baba alikuwa anakula. Hakuinua macho.

"Chelangat," akaniambia, "mwambie aliyeingia kwamba viatu vinabaki nje."

"Mwambie nimesikia," Koech akasema.

"Anasema amesikia."

"Muulize kama shule imefungwa."

"Mwambie imenifunga mimi peke yangu."

"Baba, anasema..."

"Nina masikio," Baba akasema, akamega ugali.

Ndivyo walivyoishi. Koech alipokuwa bado kijana mdogo, Baba alimshika mkono kumpeleka kwa ng'ombe, naye akajivuta akasema, "Niache, wewe si baba yangu." Baba hakumpiga. Aliweka fimbo chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, na tangu siku hiyo hakumwambia neno ana kwa ana. Kila kitu kilipita kwangu. Mwambie ng'ombe wametoka. Mwambie nimewaona. Nilikuwa daraja, na daraja hukanyagwa na pande zote mbili. Siku hizi nikiwaona watoto wangu wakigombana kwa simu wakiwa chumba kimoja nacheka sana, maana sisi tulianza kitambo, na simu ilikuwa mimi.

Kitu kimoja tu ndicho Baba alichokisema bila kumtaja mtu. Alikuwa anashusha kibuyu, anakitikisa, anakuta kiko nusu. "Chelangat, katika hii nyumba kuna paka anayejua kuzibua kibuyu na kukiziba tena." Koech alikuwa anatazama dari na masharubu meupe ya maziwa bado mdomoni. Mama alikuwa anageuka ukutani mabega yakitetemeka kwa kicheko. Nataka mlijue hilo, kwa sababu watu wakisimulia habari za Koech wanafikiri kwetu kulikuwa na kilio tu. Alikuwa mlafi, mchekeshaji, mvivu wa kupalilia, na alipoimba akikamua, ng'ombe alishusha maziwa yote. Ila nje ya boma letu hakuna aliyeona hayo. Walichoona ni ngozi.

Chai ilipochipua tena tulichuna pamoja na kupeleka senta. Mnaijua ile foleni, vikapu chini, watu wamechoka, lori limechelewa, na midomo haina kazi. "Sogeeni, sogeeni, mzungu wa kienyeji amefika!" Huyo alikuwa mwanamke wa kanisa letu, mwimbaji. "Leo majani hayarudishwi, tumeletewa bosi." "Bosi gani ana gumbuti iliyotoboka?" "Si huyo ni kama jogoo wa kienyeji aliyechanganywa na mbegu ya grade, nyama ni ile ile." Na Koech anacheka nao, anainama kama mcheza maigizo, anasema, "Good morning, wafanyakazi wangu." Wanamwona ni mtu wa mzaha. Mimi ndiye niliyetembea naye kurudi nyumbani, na njia nzima alikuwa anapiga teke nguzo za ua, moja moja, haachi hata moja. Wakati wa kiangazi alikuwa akilala juani kifudifudi bila shati, eti aive, awe mweusi kama mimi. Jua likamchubua kama kiazi cha kuchemsha. Kogo akampaka samli mgongoni akimtukana taratibu, "Mjinga wewe, ng'ombe mwekundu hajawahi kuota jua akawa mweusi, na maziwa yake tunakunywa."

Siku moja akaniambia, "Twende estate. Nataka tu kuiona hiyo nyumba." Nikaenda naye, kwa sababu nilijua akienda peke yake atarudi vibaya. Alivaa shati jeupe la shule, akachana nywele zake zile laini kwa maji. Mnajua estate zilivyo, chai imekatwa sawa kama meza, barabara ina maua kando, na nyumba ya meneja iko juu kabisa, na nyasi ambazo hakuna mbuzi aliyewahi kuzionja. Langoni kulikuwa na askari mgeni, mtu wa upande wa ziwa, bado hajazoea sura za huku. Alimwona Koech akasimama wima, akapiga saluti mpaka kofia ikasogea. Vijana wa kizungu walikuwa wanakuja kila wakati kujifunza kazi ya umeneja, na alidhani huyu ni mmoja wao. "Pita, bwana!" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe msichana, wafanyakazi ni lango la nyuma."

Tulikuwa tumenyonya ziwa moja, na tumefunguliwa malango mawili.

"Huyu ni dada yangu," Koech akasema.

Askari akacheka kwa heshima. "Bwana anapenda mzaha."

Koech akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma, tukapita lango la mbele wote wawili. Barazani alikaa mzungu, si yule wa zamani, mwingine, na birika la chai mezani. Alipomwona Koech kwa mbali aliinuka na tabasamu lote, akanyoosha mkono, akasema maneno ya Kiingereza. Koech akamjibu kwa Kiingereza cha shule ya huku kwetu, kile ambacho ukikisikia unajua mtu huyu amekunywa mursik. Ule mkono ukarudi ndani haraka kama ulimi wa kinyonga. "Wewe nani? Nani ruhusu wewe? Hapana simama hapa. Enda jikoni." Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, hakikuwa na salamu hata moja ndani yake. Nilitegemea Koech avunje jino la pili mwaka ule. Hakuvunja. Alishuka ngazi za baraza kama mtu aliyeshikilia kofia ambayo hakuwa nayo, vidole vinatafuta tu kitu cha kushika.

Jikoni tulimkuta mpishi, Mzee Ouma, mtu mzima mwenye aproni iliyopigwa pasi. Alimtazama Koech, akaweka mwiko chini. "Wewe ni mtoto wa Leah," akasema. Leah ni Mama. Akatukalisha kwenye kreti za soda nje ya mlango, akatumiminia chai kwenye vikombe vya bati vilivyotundikwa kwa misumari ukutani, nje, kwenye mvua na jua. "Vikombe vyetu havilali na vyao," akasema, bila uchungu, kama mtu anayekwambia choo kiko wapi. Kimoja kilikuwa na ukingo wa buluu uliomeguka. "Hicho unachoshika kilikuwa cha mama yako. Hakuna aliyekitoa."

Koech alikizungusha mikononi. Akauliza lile swali. "Baba yangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee Ouma alifikiri sana, na nilimpenda kwa kufikiri. "Alipenda yai lisiive sana," akasema. "Kijana wangu, nilimpikia miaka mingi, na hicho ndicho ninachojua juu yake. Lakini yule aliyekuja kumtoa mama yako hapa, huyo namkumbuka. Alikuja na baiskeli, mvua inanyesha. Nikamwambia aingie ajikinge, akakataa. Akasema, 'Nimefuata mke wangu na mtoto wangu.' Wewe ulikuwa unakohoa. Akavua koti, akakufunga nalo kifuani, akasukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Shati lake lililowa mpaka nikaona mbavu."

Koech alikunywa chai yote, na Mzee Ouma akamwambia aende na kikombe. Njiani nguzo hazikupigwa teke, nami nikafikiri yameisha, moyo wake umelainika. Kumbe moyo ukilainika kwa ghafla unauma kuliko ukiwa mgumu. Tulipofika jikoni alikiweka kile kikombe sakafuni mbele ya kigoda cha Baba. Mama alikiona, akafunika mdomo na leso, akatoka nje.

"Chelangat," Baba akasema, "muulize hicho kimetoka wapi."

"Mwambie kimetoka kule alikotutoa," Koech akasema, na sauti ilikuwa inapanda. "Mwambie angetuacha! Alinibeba wa nini? Kule nimefukuzwa barazani kama mbwa. Huku nachekwa mpaka na watu wa kwaya. Hata wafu wamenikataa! Nilipozaliwa waliitwa wote na sikupiga chafya, kijiji kizima kinajua. Mwambie kesho naenda Nairobi, na sitarudi. Mwambie apumzike."

Sikumwambia Baba kitu. Alikuwa anatazama kile kikombe, na mikono yake mikubwa ilikuwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. Akainuka, akapita, akatoka. Koech akaanza kutupa nguo zake kwenye sanduku lile lile la shule. Hapo ndipo maharagwe yalipoacha kulia kwenye ungo.

"Nani amekwambia wewe uliitwa?" Kogo akauliza.

"Kogo, niache."

"Nauliza, kwa sababu mimi sikukuita. Waliokuita ni wanawake wa kwa mama yako, na waliita watu wao, nao watu wao ni wagumu, ninawajua. Sisi wa hapa hatujakuita hata siku moja. Ulikuja umefungwa kwa koti, una miezi mingi, una meno. Tukasema, ah, huyu amekwisha pita umri, tuna kazi shambani. Hukukataliwa, weri, kijana wangu. Hukuitwa. Ni uvivu wetu tu. Kaa chini."

"Mimi ni mtu mzima!"

"Mtu mzima asiyeitwa ni gunia. Kaa chini. Chelangat, kimbia uwaite wale shangazi zako wawili, waache chochote wanachofanya."

Jambo lile halikuwahi kufanywa kwa mwanamume mwenye ndevu, na shangazi zangu walilisema hilo kwa sauti kubwa, lakini walikuja, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na Kogo. Wakamkalisha kwenye kigoda. Kigoda cha Baba, hakukuwa na kingine. Magoti yalimfika masikioni. Kogo akatoa ugoro wake kiunoni, akamwekea puani si kidogo kama wa mtoto, ni wa kutosha ng'ombe. Wakaanza. Wakamwita babu yake Baba, mwenye heshima, mwenye mifugo. Koech ameubana uso, machozi yanamtoka, anazuia chafya kwa hasira. "Usibane pua!" shangazi akampiga kofi mkononi. Wakamwita mganga wa mifupa. Wakamwita yule aliyejenga kanisa. Hakuna. Uso umekuwa mwekundu kama nyanya, mishipa imesimama, anawakataa kabla hawajamkataa. Shangazi mmoja akaanza kukusanya leso yake aende. Kogo akashusha pumzi. "Amebaki arap Tonui."

"Mama, si huyo!" shangazi wakapiga kelele pamoja. "Yule mlafi? Yule aliyemaliza maziwa ya wakwe siku ya posa?"

"Ni wetu," Kogo akasema, akainama mpaka pua zao zikakaribiana, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Arap Tonui. Tonui, kama ni wewe, ingia, kuna baridi nje."

Ile chafya! Majivu yaliruka kutoka mekoni, kuku akatoka nje akipiga kelele, na kibuyu kimoja kikaanguka kutoka msumarini. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, mpaka akaanguka kutoka kigodani akakaa kwenye majivu, na shangazi zangu waliokuwa wakikataa ndio waliopiga vigelegele vya kwanza. Alikuwa analia au anacheka, sikuweza kujua, ugoro ulikuwa umechanganya kila kitu.

Kurenet si mahali pa wanaume. Lakini Baba alikuwa amesimama nje muda wote, mgongo umeegemea ukuta, nasi hatukujua. Alitokea mlangoni. Alimtazama yule kijana mrefu kwenye majivu, akatazama kile kibuyu kilichoanguka, na uso wake ukafunguka, akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Koech," akasema. "Kumbe ni wewe, arap Tonui, unayenimalizia maziwa."

Mimi kwa mazoea nikafungua mdomo. "Koech, Baba anasema..."

"Nimesikia," Koech akasema. Akafuta pua kwa mkono wa shati jeupe la shule. "Nimesikia, Baba."

Sanduku lilirudi chini ya kitanda. Sitaki kuwadanganya kwamba watu walibadilika. Senta ya chai ni senta ya chai, na kuna waliomwita mzungu wa kienyeji mpaka siku tulipomfukia. Lakini hakupiga teke nguzo tena. Akisikia dhihaka alikuwa anawauliza kwa upole, "Kwani hamnijui? Mimi ni arap Tonui. Kaficheni vibuyu." Kile kikombe kililala ndani, kati ya vibuyu, na Mama alikinywea chai mpaka alipotutoka. Baba alipougua, yule yule aliyebebwa kwenye koti ndiye aliyembeba mgongoni kumtoa kitandani na kumpeleka juani kila asubuhi, wakiongea wao wawili tu. Nami nilikuwa nimeolewa huku, daraja limepumzika.

Nilipofika hapo moto ulikuwa makaa. Rebeka alikuwa anamtikisa mtoto bila kunitazama. "Lakini bado si wa upande wetu," akasema, ila sasa alisema kama mtu anayetaka kushindwa.

"Hata huko hakuwa wa upande wowote," nikamwambia, "mpaka mwanamke mmoja alipoacha maharagwe akamwita."

Ndipo mke wa mwanangu, msichana mpole ambaye haongei mbele ya wakubwa, akamchukua mtoto wake mikononi mwa Rebeka, akaweka mdomo karibu na uso wake. "Koech," akasema. "Koech, ingia, kuna baridi nje."

Ilikuwa chafya ndogo, kama ya paka mchanga, na ilitoka kabla sijafungua tena ugoro. Vigelegele vikapasua paa. Rebeka ndiye aliyepiga vikubwa zaidi, halafu akanigeukia, machozi na moshi vimechanganyika usoni, akauliza, "Haya, Mama Kibet, wewe ndiye unayemjua. Sasa tujiandae vipi?"

Nikamwambia, "Ficheni maziwa."